Masaa Sitini na Moja

Inspekta alipiga goti juu ya daraja la chuma, akavuta futi yake na kuisimamisha kando ya nguzo ya uzio. Wenzake kituoni walimbandika jina la Futi kwa sababu hiyo hiyo: hakuwahi kufika kwenye tukio bila futi ya seremala mfukoni. Mwenyewe wala hakulikasirikia jina.

"Mita moja na sentimita kumi," alisema. "Andika."

Koplo aliandika. Alikuwa mwanamke mwenye miaka kumi na miwili kazini, mwepesi wa kalamu, mzito wa kucheka.

"Na marehemu?"

Koplo alifunua karatasi ya hospitali. "Mita moja na hamsini na mbili, afande."

Futi alisimama, akajigusa kifua kwa kiganja. "Uzio ulimfika hapa. Mtu anateleza vipi akapita juu ya chuma kinachomfika kifuani?"

"Labda aliupanda."

"Labda. Akiupanda akaanguka, anaangukia hapa chini." Alinyooshea kidole maji ya kijani yaliyokolea yaliyolala chini yao bila hata kiwimbi. "Lakini walimwopoa kule." Kidole kikahamia katikati ya bwawa. Alikuwa ameshapima: mita kumi na mbili kutoka ukingo wowote.

Bwawa lile ndilo lililopokea majitaka ya viwanda saba vya ngozi. Mtambo mzima wa kuyasafisha ulijengwa kwa mkataba wa serikali mbili, ya hapa na ya ng'ambo, ukazinduliwa miaka miwili nyuma kwa utepe na bendera. Siku tatu zilizopita, asubuhi ambayo ujumbe wa wafadhili ulikuja kuukagua, mpima maji wa mtambo aliopolewa majini akiwa amekufa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, na wafanyakazi wote walimwita Dada Maabara. Hata kabla polisi hawajaitwa, meneja alikuwa ameshaandika taarifa yake ya nusu ukurasa: ameteleza kutoka darajani.

"Mama yake anasema alianza kuogelea akiwa na miaka sita," alisema koplo. "Na haya maji yametulia kama ya beseni."

"Twende kwa meneja."

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofa ya kwanza, dirisha lake pana likitazama bwawa moja kwa moja. Ukutani zilining'inia picha za watu waliovaa kofia ngumu wakipeana mikono. Meneja mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliinuka kuwapokea.

"Karibuni, karibuni. Jamani, Inspekta, kazi hii haijaisha tu? Sisi bado tuko msibani."

"Inaelekea mwisho. Nina swali dogo. Marehemu alijua kuogelea."

Meneja alitikisa kichwa kwa huruma. "Katika bwawa lile haogelei mtu. Chini kuna mabomba yanayopuliza hewa. Maji yakijaa mapovu yanakuwa mepesi, hayambebi binadamu. Hata mimi na wewe tungezama kama tofali. Ndiyo maana tumeweka vile vibao vya onyo."

"Mashine za kupuliza zinafanya kazi saa ngapi?"

"Usiku na mchana. Zikizimwa, vijidudu vinavyokula uchafu vinakufa."

"Leo maji yametulia."

Meneja aligeukia dirisha. "Tumezizima kwa heshima ya marehemu."

Futi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika. "Na saa ya tukio ulikuwa wapi?"

"Getini, napokea wageni. Muulize yeyote. Saa nne kamili walisaini kitabu." Kisha akashusha sauti. "Sipendi kumsema mtu, Inspekta. Lakini mtafuteni fundi wa mashine. Jana yake yeye na marehemu walifokeana mpaka watu wakatoka nje kuwaangalia. Mimi simo, nawajulisha tu."

Wakiteremka ngazi, koplo alinong'ona, "Ametupatia mtu haraka haraka."

"Tutamchukua," alisema Futi. "Tuone ana nini."

Fundi wa mashine alikuwa mzee wa miaka hamsini na saba, mrefu, mkavu, kiganja cha kulia kimefungwa bandeji. Walimwita Mzee Swichi. Walimkuta kwenye chumba cha mashine, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Mbele yake zilipangana mashine nne za kupuliza hewa, kila moja kubwa kama ng'ombe aliyelala, rangi yake ya buluu ikimeta.

"Shikamoo, mzee," alisema koplo.

"Marahaba."

Futi hakukaa. Alizizunguka mashine moja baada ya nyingine, akiinama, akipitisha kidole chini ya mikanda. Hakikutoka na masizi. Kwenye mashine ya mwisho aliinama muda mrefu mbele ya kidirisha kidogo chenye tarakimu.

"Hiki ni nini, mzee?"

Swichi aliutazama mkono wake wenye bandeji.

"Kinahesabu masaa ambayo mashine imefanya kazi, sivyo? Kama ile mita ya gari." Akamgeukia koplo. "Miaka miwili usiku na mchana ni masaa mangapi?"

Koplo alipiga hesabu pembeni ya daftari. "Elfu kumi na saba na mia tano, na ushee."

"Hapa imeandikwa sitini na moja."

Nje, king'ora cha kiwanda kimoja cha ngozi kililia, kikanyamaza.

"Zote nne ni hivyo hivyo," alisema Swichi hatimaye. "Usijisumbue kuziangalia. Zinawaka wageni wakija tu. Masaa mawili, matatu, wakiondoka tunazima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeme hautoshi, mwanangu! Tukiwasha hizi nne, viwanda vyote saba vinazimika. Laini ni moja, ile ile ya tangu zamani. Kwenye mkataba kulikuwa na kituo kipya cha umeme, wakakiweka awamu ya pili. Na awamu ya pili, wanasema, haitoki mpaka awamu ya kwanza ionekane inafanya kazi." Alicheka bila furaha, akakohoa. "Sasa itafanyaje kazi bila umeme? Ndiyo tukaanza kuigiza. Siku ya wageni viwanda vinapewa mapumziko, tunawasha, maji yanachemka vizuri, wanapiga picha."

"Na uchafu?"

"Unapita kama ulivyoingia. Kwenye bomba la kutokea wanachanganya maji ya kisima, ndipo vipimo vinapochukuliwa. Karatasi zinatoka safi. Ndizo zinazovipa viwanda cheti cha kuuza ngozi ng'ambo."

Futi alivuta ndoo nyingine, akakaa, magoti yake yakikaribia kugusana na ya mzee. "Uligombana naye kwa nini?"

"Nani kasema niligombana naye? Nilimwomba!" Sauti ilimpasuka. "Alikuwa na boya lake, mapipa mawili ya plastiki na ubao juu. Akitaka maji ya kweli, analipeleka katikati anachota. Miezi yote maji yamelala, anakwenda na kurudi kama yuko kwenye bustani. Nikamwambia, mwanangu, kesho usiende, kesho nawasha. Akanijibu kesho ndiyo yenyewe. Anataka kuchota asubuhi ile ile, ampe yule mtaalamu wa wafadhili chupa mkononi. Ndiyo nikamfokea. Naye akanifokea."

"Boya liko wapi?"

Mzee aliwapeleka nyuma ya maabara. Chini ya turubai kulikuwa na mapipa mawili yaliyofungwa kwa kamba. Futi aliunusa ubao, akaukwaruza upande wa juu kwa kucha. Tope la kijani liliganda pale ambapo miguu ya mtu ingekanyaga, na pembeni kulikuwa na mikwaruzo minne iliyosimama sambamba.

"Kucha," alisema koplo. "Hospitali wameandika kucha za mkono wa kushoto zilivunjika."

"Lilipinduka naye akiwa ameling'ang'ania." Futi alitikisa moja ya mapipa, kisha akatazama huku na huku mpaka akaona dumu la lita ishirini. "Mzee, nijazie hili. Acha hewa kidogo tu kwenye shingo."

Walilitupa dumu bwawani. Lilielea, shingo nje, likizungukazunguka taratibu.

"Sasa washa."

"Viwanda vitazimika."

"Washa, mzee."

Mngurumo ulianza chini ya miguu yao. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha bwawa zima likafumuka mapovu meupe, maji yakapanda na kuyumba kama sufuria iliyo jikoni, na lile dumu likatikisika mara mbili, likazama. Halikuibuka. Kutoka upande wa viwanda zilisikika kelele za watu, mitambo yao ikizimika mmoja baada ya mwingine.

"Zima," alisema Futi. Alikuwa ameangalia saa yake. "Sekunde arobaini, tangu swichi mpaka mapovu."

Dumu liliibuka maji yalipotulia. Mzee Swichi alikuwa ameshageuka, akitazama ukuta.

"Chumba chako hakina dirisha upande wa bwawa," Futi alimwambia. "Ulijuaje muda wa kuwasha?"

"Napigiwa simu. Ile ya ndani, ukutani pale."

"Siku ile ulipigiwa saa ngapi?"

"Saa nne kasoro dakika saba. Niliangalia, kwa sababu tulikubaliana saa nne na nusu. Wageni waliwahi." Alijishika paji la uso kwa mkono wenye bandeji. "Meneja akasema, washa. Nikamuuliza, Dada Maabara ametoka majini? Akasema ametoka. Nikamuuliza tena. Akasema, ametoka bwana, washa! Nikawasha. Mimi ndiye niliyewasha."

"Mkono umeumiaje?"

"Nilisikia mtu anapiga ukelele. Nikazima, nikakimbia, nikaruka. Nilijikata kwenye ngazi nikimtoa."

Waliporudi ofisini, Futi hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya mezani, nyeusi, iliyokaa kwenye kizingiti cha dirisha. Akavuta waya wake mpaka ulipokaza, akauwekea futi.

"Mnafanya nini?" Meneja aliinuka.

"Sentimita sabini. Waya mfupi huu. Anayezungumza hapa hana pa kusimama ila dirishani." Futi alijiwekea mkonga wa simu sikioni, akajikuta ana kwa ana na bwawa. "Ulisema ulikuwa getini."

"Nilikuwa getini. Saa nne."

"Saa nne, ndiyo. Kutoka hapa mpaka getini ni mwendo wa dakika nne, nimeutembea. Saa nne kasoro dakika saba ulikuwa umesimama hapa nilipo, umeshika simu hii, na mbele yako kuna mwanamke juu ya mapipa mawili. Fundi amekuuliza mara mbili kama ametoka."

"Neno la fundi dhidi ya langu."

"Nani mwingine ana ufunguo wa ofisi hii?" aliuliza koplo.

Meneja aliugusa mfuko wenye ufunguo. Akaketi polepole, kama mtu anayepima kama kiti kipo.

"Alikuwa anarudi," alisema mwisho. Upole ulikuwa umemwisha sautini. "Naapa, Inspekta. Alikuwa ameshachota, anapiga kasia anarudi. Nikasema atafika. Getini wamenipigia, wageni wameshashuka kwenye magari, na bwawa limelala vile! Watu elfu tatu wana kazi kwenye hivi viwanda. Nikasema dakika moja tu, atafika."

"Ilikuwa sekunde arobaini."

"Sikujua! Sijawahi kuzihesabu."

Koplo aliandika kila neno. Meneja aliyasoma yote mpaka mwisho, akaisukuma karatasi bila kuitia saini.

Kabla ya jua kutua walimkuta mtaalamu mgeni kwenye nyumba ya wageni, anafunga sanduku. Alikuwa amekaa nchini miaka sita, Kiswahili chake kimenyooka. Hakuwakaribisha kukaa, si kwa jeuri. Viti vyote vilikuwa na nguo.

"Aliniandikia mara tatu," alikiri. "Kwamba mashine hazifanyi kazi, kwamba vipimo ni vya uongo."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba bila sampuli siwezi kufanya kitu. Nilimwambia alete sampuli." Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sampuli ipo. Chupa ilikuwa mfukoni mwake, imezibwa vizuri. Iko kituoni kwetu."

"Imelala majini na maiti. Haina lebo, haina shahidi. Hakuna maabara itakayoipokea, Inspekta, unalijua hilo kuliko mimi." Hakumtazama usoni. "Ripoti nimeshaituma. Nimependekeza awamu ya pili."

"Ukijua?"

"Nikiandika ukweli, mradi unafungwa. Hakuna kituo cha umeme, hakuna cheti, hakuna viwanda. Mito itaendelea kuchafuliwa, na juu ya hayo watu watakosa kazi. Nikiandika uongo, labda umeme utakuja." Akafunga sanduku. "Labda baada ya miaka minne."

Asubuhi iliyofuata Futi alifikisha jalada kwa mkuu wake: karatasi ishirini na tatu, mchoro wa bwawa na vipimo vyote, jina la meneja juu. Lilirudi mezani kwake kabla ya saa sita. Jina la meneja lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni, kwa mwandiko wa mkuu, kulikuwa na maneno machache: *Fundi aliwasha mtambo kwa uzembe. Akamatwe, au mwandike ajali. Ujumbe unasaini Ijumaa.*

Alikuwa bado ameishika karatasi hiyo koplo alipomwingiza mama mzazi wa marehemu. Alikuwa mama mfupi, mnyoofu, kitenge cheusi kimefungwa vizuri kiunoni. Alikataa chai. Alitoa bahasha na kuiweka mezani.

"Hii ni barua ya ukoo, baba. Tumesaini wote. Tunaomba mlifunge jalada."

"Mama, mwanao hakuteleza. Nina wajibu wa kukwambia..."

"Najua alivyokufa. Mzee Swichi alikuja nyumbani siku ile ile, amelowa, akapiga magoti mlangoni. Kaniambia kila kitu." Alinyoosha pindo la kitenge. "Wanangu wawili wako kiwanda cha tatu, pale kwenye kukausha. Mkwe wangu yuko kiwanda cha tano. Cheti kikiondolewa, watakula wapi? Wewe utawalisha?"

Futi alimsogezea ile karatasi ya mkuu, akamsomea kwa sauti ya chini.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Swichi? Wanataka kumfunga Swichi?"

"Ndivyo walivyoandika. Naweza kupeleka jina la meneja juu zaidi, mama. Litarudi kama hivi. Na wakati linazunguka, mzee atakuwa ndani."

"Ana miaka mingapi yule? Atakufia jela. Mwanangu alikuwa anampelekea uji kila asubuhi. Hana mke, hana mtoto. Sasa nimzike mmoja kwa ukweli, na mwingine kwa uongo?" Aliinama mbele. "Andika ajali, baba. Andika sasa hivi, nikiona."

Futi alitoa fomu kwenye droo. Aliandika jina kamili la marehemu, umri, kazi, siku na saa. Alipofika kwenye chanzo cha kifo aliandika neno moja, kwa herufi zake zile zile zilizonyooka. Akatia saini. Kisha akaigeuza fomu upande wa pili wa meza, kwa maana sheria ilitaka askari wawili.

Koplo aliitazama. Aliishika kalamu, akaishusha karibu na mstari, halafu akailaza mezani.

"Siwezi, afande."

"Hakuna anayekulazimisha."

"Nimeandika maneno ya yule mtu kwa mkono huu. *Nikasema atafika.* Nimeyaandika mimi." Aliuficha mkono nyuma ya mgongo, na katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja Futi hakuwahi kumwona hivyo. "Dada wa watu alikuwa anarudi. Siwezi."

Kwenye korido mtu alipita akipiga mluzi, akaishia mbali.

Mama aliinuka kwenye kiti, akazunguka meza. Aliiokota kalamu, akauchukua mkono wa kulia wa koplo kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, akaiweka kalamu ndani yake, akamfumba vidole kimoja kimoja.

"Saini, mwanangu," alisema. "Na mimi nimesaini."